Ukuta, Bati na Kuni: Deni la Mazingira katika Nyumba za Bwiza

Mjadala wa dunia kuhusu majengo yanayotumia nishati kwa uangalifu umesimama kwa kiasi kikubwa juu ya nyumba za nchi za baridi, ambako nishati nyingi huishia katika kupasha vyumba joto, na juu ya miji ya joto yenye fedha, kama Dubai na Doha, ambako umeme mwingi humezwa na viyoyozi. Bwiza, mtaa wa kale katikati ya Bujumbura, haumo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Nyumba ya kawaida ya Bwiza haina mashine ya kupasha joto wala kiyoyozi. Ina taa chache, televisheni, simu zinazochajiwa umeme unapokuwapo, pengine jokofu la kuuzia vinywaji baridi, na chakula chake hupikwa uani kwa mkaa juu ya jiko la mbabula. Mtu akiipima nyumba hiyo kwa mita ya umeme peke yake, ataiweka miongoni mwa nyumba zisizo na madhara, na hapo atakuwa amekosea, kwa sababu sehemu kubwa ya deni lake kwa mazingira ilikwisha kuandikwa kabla mpangaji wa kwanza hajaingia: katika tanuru lililochoma matofali, katika lori lililoleta saruji, na katika mto uliochotwa mchanga.

Wataalamu wa ujenzi hutenganisha aina mbili za nishati ya jengo. Ya kwanza ni nishati ya matumizi, yaani ile inayotumika siku hadi siku baada ya watu kuhamia, kwa mwanga, mapishi, maji na hewa ya vyumbani. Ya pili ni nishati iliyozama ndani ya jengo lenyewe, yaani jumla ya ile iliyotumika kuchimba, kuchoma, kusaga, kusafirisha na kusimamisha vifaa vyake. Ripoti za Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba majengo na ujenzi, vikijumlishwa, huchangia takriban theluthi moja au zaidi ya hewa ya kaboni inayotokana na nishati duniani, na katika hesabu hiyo ya dunia nishati ya matumizi huizidi kwa mbali ile iliyozama. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya kumi ana umeme nyumbani, kama ilivyo Burundi, uwiano huo hauwezi kuchukuliwa jinsi ulivyo. Hapa ukuta na paa ndivyo vinavyostahili kuchunguzwa kwanza, na sera inayoanza na vifaa vya umeme huwa imeanzia mwisho wa safari.

Bwiza ulizaliwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, Bujumbura ilipokuwa ikiitwa Usumbura na makazi yakigawanywa kwa asili ya watu, Wazungu upande wao, Waasia upande wao, na Waafrika katika mitaa miwili iliyopakana: Buyenzi, uliojulikana kama kijiji cha Waswahili, na Bwiza, ambao wazee wengi bado wanaukumbuka kwa jina la Belge. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, vidogo na vinavyofanana, na juu yake zikajengwa nyumba za matofali ya udongo yasiyochomwa, zenye kuta nene zilizopigwa lipu, paa la bati, baraza ya mbele na ua wa nyuma. Kadiri mji ulivyojaa, ua ule ukajengwa vyumba vya kupangisha, kimoja baada ya kingine, hata viwanja vingi vikawa na kaya kadhaa zinazogawana bomba moja, choo kimoja na kivuli cha mwembe mmoja, pale ambapo mwembe umebaki. Leo nyumba hizo za udongo zinabomolewa, na mahali pake zinapanda ghorofa za zege, matofali ya kuchoma na vioo, zenye maduka chini na vyumba vya wageni juu. Mabadiliko hayo yana sababu nzuri za kiuchumi, wala hayapaswi kulaaniwa kwa jumla. Lakini yanafanyika bila mtu kupiga hesabu ya kinachopotea na kinachoingizwa.

Kinachopotea ni ukuta unaolijua joto la Bujumbura. Mji uko kwenye nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mwinuko unaokaribia mita 780 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 28 hadi 30 za selsiasi, na usiku hushuka hadi 18 au 20. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 hulipokea joto la mchana polepole mno, kiasi kwamba huchukua takriban saa nane hadi kumi kulifikisha upande wa ndani, na kufikia wakati huo jua limekwisha kuzama na hewa ya usiku inaweza kulichukua. Kwa njia hiyo ukuta hukaa karibu na wastani wa siku nzima, ambao ni nyuzi 24 hivi, na huo ndio wastani ambao mwili wa binadamu huuona kuwa wa raha. Masharti yake ni mawili tu: madirisha yafunguliwe usiku ili joto lililohifadhiwa litoke, na paa lisiharibu kazi ya ukuta. Sharti la kwanza hushindwa kwa sababu ya mbu na wezi, ambao hulazimisha watu kufunga kila kitu magharibi inapoingia, ingawa wavu wa mbu na nondo za dirishani hutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo. Sharti la pili hushindwa karibu kila mahali.

Bati na saa nane mchana

Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hupita juu ya paa kwa sehemu kubwa ya mchana, na nyumba isiyo na ghorofa hupokea joto lake jingi kupitia paa kuliko kupitia ukuta wowote. Bati, kwa wembamba wake, halina uwezo wa kuchelewesha chochote: jua likiliangukia saa sita mchana, upande wake wa chini huwaka wakati huohuo. Likiwa jipya hurudisha mwanga mwingi, lakini chuma kilichopakwa zinki kina tabia ya kuachia joto kwa shida, hivyo lile dogo linaloingia hubaki humo. Na likishika kutu, hunywa mwanga karibu wote. Katika hali zote mbili bati linaweza kupita nyuzi 60 katika jua kali. Katika chumba cha uani kisicho na dari, ambacho paa lake limeinamia kichwa cha mkaaji kwa urefu usiozidi hatua moja juu yake, joto hilo halihitaji hewa ili limfikie mtu. Humshukia moja kwa moja kama mionzi, na hii ndiyo sababu kufungua mlango saa nane mchana hakuleti nafuu inayotarajiwa. Wapangaji wa vyumba kama hivyo hukaa barazani au chini ya mti hadi jioni, na chumba chenyewe huwa stoo ya vitanda na masanduku hadi jua litue.

Dawa yake inajulikana na wala haidai utaalamu wa ng'ambo. Kwanza ni dari, hata ya mikeka ya mafunjo au matete yaliyosukwa, mimea inayopatikana kwa wingi katika nyanda za mto Rusizi, kwa sababu kitu chochote kinachokaa kati ya bati na mtu huizuia ile mionzi, mradi kuwe na nafasi ya hewa baina yao na matundu ya kuitoa hewa iliyopata moto. Pili ni rangi nyeupe au chokaa juu ya bati, ambayo ikiwa mpya na safi hurudisha zaidi ya theluthi mbili ya mwanga wa jua. Vumbi la kiangazi hupunguza nguvu yake, kwa hiyo huhitaji kuoshwa na kurudiwa. Tatu ni kuliinua paa lenyewe. Msanifu Francis Kéré, aliyepata Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alianza sifa yake kwa shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ambayo kuta zake ni za matofali ya udongo na dari yake ni ya matofali yenye matundu, huku paa pana la bati likielea juu ya dari hiyo kwa kenchi za chuma, likitoa kivuli kwa kuta na kuacha upepo upite katikati. Bati ni lilelile ambalo Bwiza unalo. Kilichobadilika ni mahali lilipowekwa.

Kwa nini jambo hili la starehe lihesabiwe kuwa jambo la mazingira? Kwa sababu chumba kinachochemka leo ndicho kitakachonunuliwa kiyoyozi kesho. Feni ya kawaida hutumia wati 50 hadi 75, ilhali kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hutumia wati 800 hadi 1,200, na ndani yake mna gesi ya kupozea ambayo, ikivuja, baadhi ya aina zake hupasha joto angahewa zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa hewa ya kaboni. Ni gesi hizo ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua katika mkutano uliofanyika Kigali, mji jirani kabisa, mwezi Oktoba mwaka 2016. Mahoteli na ofisi za Bujumbura tayari zina viyoyozi, na ghorofa mpya zenye vioo vipana vinavyotazama magharibi hazitakalika bila hivyo, kwa maana kioo hupitisha jua likiwa mwanga na kulizuia ndani likiwa joto. Kioo kilichowekwa upande wa machweo, katika mji wenye jua la namna hii, ni kosa la kwenye mchoro ambalo hulipwa kila mwezi kwa muda wote wa uhai wa jengo.

Umeme wa kuviendesha viyoyozi hivyo si wa kuchezea. Shirika la umeme la REGIDESO hutegemea zaidi maji: bwawa la Rwegura, lililoanza kazi mwaka 1986 likiwa na uwezo wa megawati 18, lile la Mugere lenye megawati 8, sehemu ya Burundi katika umeme wa Rusizi na wa maporomoko ya Rusumo yenye megawati 80 zinazogawanywa baina ya Burundi, Rwanda na Tanzania, pamoja na mitambo mipya ya Jiji na Mulembwe. Kituo cha umeme wa jua cha Mubuga, mkoani Gitega, kiliongeza megawati 7.5 mwaka 2021. Hizi ni tarakimu ambazo mtaa mmoja wa maghala na hoteli katika mji mkubwa wa dunia unaweza kuzimaliza. Umeme ukikatika, wenye biashara wa Bwiza huwasha jenereta, na jenereta hunywa mafuta ambayo nchi imekuwa ikiyapata kwa taabu. Kila wati ambayo nyumba haikuihitaji kwa sababu ilijengwa vizuri ni wati inayobaki kwa zahanati, kinu cha kusaga au kaya isiyo na taa.

Tanuru na msitu

Uzito mkubwa zaidi wa suala hili umo katika tofali la kuchoma. Nje ya Bujumbura, katika mabonde na kandokando ya vijito vya nchi nzima, tanuru hujengwa kwa namna moja: udongo hukandwa, hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao, matofali mabichi huanikwa chini ya nyasi hadi yakauke, kisha hupangwa kuwa rundo kubwa la mraba lenye mapango mawili au matatu chini yake, na rundo zima hukandikwa udongo nje ili moto usitoroke. Magogo ya mikaratusi huingizwa katika mapango hayo, na moto hulishwa usiku na mchana kwa siku kadhaa. Moshi wa mwanzo ni mweupe na mzito, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji yanayotolewa kwenye udongo; baadaye hugeuka mwembamba, na fundi hujua kwa rangi ya mwanya wa juu kama moto umekwisha kupanda. Rundo likibomolewa baada ya kupoa, matofali ya chini karibu na mapango huwa yameungua hadi kuyeyuka na kushikana, ya pembeni huwa mabichi nusu, na yale mazuri ni ya tabaka la kati tu. Kuni zilizounguza hasara hizo za pande mbili zimekwenda bure.

Tanuru la aina hiyo hutumia kwa makadirio megajuli 2 hadi 4 kwa kila kilo ya tofali. Tukichukua tofali la kilo mbili na nusu na kuni kavu zenye megajuli 15 kwa kilo, hesabu inatoa takriban nusu kilo ya kuni kwa tofali moja. Nyumba ya matofali 10,000 hula tani tano za kuni kabla haijawekwa dirisha. Burundi ina eneo la kilomita za mraba 27,834 tu na watu zaidi ya milioni 12, ambao karibu wote hupikia kuni au mkaa, kwa hiyo tofali na sufuria hugombania mti uleule. Mlima ukivuliwa miti, mvua huubeba udongo wake. Udongo huo huingia mitoni na kujaza mabwawa. Na Rwegura, ambalo maji yake yanalindwa na msitu wa Kibira, linaonyesha kwamba katika nchi hii umeme wenyewe huanzia kwenye mizizi ya miti. Mjenzi wa Bwiza anayenunua matofali ya bei nafuu haoni mnyororo huo, lakini mnyororo upo na unarudi hadi kwenye taa yake.

Saruji nayo ina mzigo wa namna yake. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo hadi nyuzi 1,450 hivi, na katika moto huo jiwe lenyewe, bila kutaja nishati iliyolichoma, huachia hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu enzi za kale. Ndiyo maana saruji peke yake huhesabiwa kuwa chanzo cha takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni ya dunia. Zao la moto huo, vinundu vigumu viitwavyo klinka, husagwa kuwa unga. Burundi ina kiwanda cha kusaga, BUCECO, huko Cibitoke kaskazini-magharibi, lakini klinka hulazimika kuvuka mipaka, na nondo na bati husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa lori au kwa reli hadi Kigoma na kisha kwa meli ziwani. Mfuko mmoja unaofika Bwiza umekwisha kubeba dizeli nyingi, na bei yake huyumba kila mafuta yanapoadimika.

Hatua ya tatu ya mnyororo ni mchanga. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi kutoka milimani na kuukata mji kuelekea ziwani, na kwa miaka mingi vitanda vyake vimechotwa mchanga na mawe ya ujenzi. Mto ulioondolewa mawe yake huchimba chini zaidi na kula kingo, na kando ya Ntahangwa nyumba zimebaki zikining'inia juu ya korongo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa iliteremsha maji na matope katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Uchimbaji wa mchanga hauwezi kubebeshwa lawama yote ya janga kama hilo, kwa kuwa milima iliyovuliwa miti na mitaa iliyoezekwa na kusakafiwa bila mifereji ina sehemu yake. Lakini yote matatu yanatokana na namna ya kujenga.

Udongo uliobanwa, na mfano wa Muyinga

Njia ya kupunguza deni hilo ipo nchini humohumo. Mwaka 2012, katika mji wa Muyinga kaskazini mwa Burundi, ilikamilika maktaba ya watoto iliyobuniwa na BC Architects wa Ubelgiji kama sehemu ya shule ya watoto viziwi, na kuta zake ni za tofali la udongo lililobanwa, yaani udongo wenye unyevu kidogo ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono hadi ukawa tofali gumu lisilohitaji tanuru. Paa lake ni la vigae vya udongo wa huko juu ya magogo ya mikaratusi, baraza ndefu yenye nguzo inakwenda sambamba na jengo kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Burundi, vyumba ni virefu kwenda juu, na kuta zimeachwa na matundu yanayovusha upepo toka upande mmoja hadi mwingine. Kwa ndani kumetundikwa wavu mpana wa kamba za mkonge ambao watoto hulala juu yake wakisoma. Jengo hilo limezungumzwa sana katika majarida ya usanifu ya Ulaya. Umuhimu wake kwa Burundi ni kwamba vifaa vyake karibu vyote vilitoka mahali mtu anapoweza kufika kwa miguu, na fedha za ujenzi zikabaki kwa mafundi wa hapo.

Tofali la namna hiyo huongezewa kwa kawaida saruji kati ya asilimia 5 na 10 ili listahimili maji. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukilieneza tofali la kufungamana, lenye mbonyeo na mchomozo vinavyoingiana, ambalo hupunguza sana saruji ya kuungia. Kwa wale wasioweza kuachana na tofali la kuchoma, mradi wa PROECCO, uliofadhiliwa na Uswisi na kuendeshwa na kampuni ya Skat tangu mwaka 2013 katika Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, ulihimiza matanuru yanayohifadhi joto na matofali bora yenye vipimo sawa. Tanuru la wima linalolishwa bila kuzimwa linaweza kushuka hadi megajuli moja au pungufu kwa kilo, na linaweza kulishwa makapi ya kahawa na pumba za mpunga, mabaki ambayo mikoa ya kahawa na bonde la Imbo huyazalisha kila mwaka. Hata upangaji wa matofali ukutani una faida: yakisimamishwa kwa ubavu na kuachiwa uwazi katikati, ukuta hutumia matofali pungufu kwa robo hivi, na hewa iliyofungwa ndani huwa kinga ya joto.

Haki inadai kutaja mipaka ya udongo. Bujumbura imo ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Februari 2008 lililotikisa Bukavu na wilaya ya Rusizi nchini Rwanda lilibomoa nyumba nyingi za matofali yasiyofungwa vizuri, kwa hiyo ukuta wa udongo bila lenta inayozunguka nyumba nzima, bila pembe zilizofungwa na bila msingi wa mawe ulioinuliwa juu ya maji ya mvua ni hatari kwa wakaaji wake. Wala udongo wa kawaida haufai kubeba ghorofa nne. Katika barabara kuu za Bwiza ghorofa zina nafasi yake, na mtetezi wa mazingira ana sababu ya kuziunga mkono: mji unaopanda juu huacha mashamba ya Imbo yakiwa mashamba, na mkazi anayeishi karibu na kazi yake hutembea kwa miguu. Linalotakiwa ni fremu ya zege itumike pale tu inapobeba mzigo, kuta za kujazia ziwe za tofali jepesi la matundu au udongo uliobanwa, madirisha yapate vizuizi vya jua, na jengo lipokee upepo wa ziwani wa mchana na ule wa milimani wa usiku badala ya kuupa mgongo.

Katika nyumba za chini zilizobaki, ambazo bado ni nyingi, kazi iliyo bora kimazingira ni ile isiyopendeza machoni mwa wauza vifaa: kuzikarabati. Ukuta wa udongo uliosimama kwa miongo kadhaa umekwisha kulipa deni lake lote. Ukibomolewa, tani za kuni na mifuko ya saruji hudaiwa upya. Lipu ya chokaa iliyorudiwa, msingi uliokingwa, dari, paa jeupe, na mlizamu unaoelekeza maji kwenye tangi huifanya nyumba hiyo kuwa bora kuliko mrithi wake wa zege kwa sehemu ndogo ya gharama. Tangi lenyewe linastahili hesabu yake: Bujumbura hupata mvua ya takriban milimita 800 kwa mwaka, hivyo paa la mita za mraba 60, hata likipoteza sehemu moja ya tano, huteremsha lita zaidi ya 38,000, maji ambayo yakikusanywa hufulia na kuoshea, na yasipokusanywa hukimbilia mtaroni pamoja na ya jirani na kuongeza nguvu ya Ntahangwa.

Kikwazo kikubwa kipo kwenye umiliki. Wakaaji wengi wa vyumba vya uani ni wapangaji: mwenye nyumba ndiye anayelipia dari, na mpangaji ndiye anayelala chini ya bati, faida na gharama zimekaa kwa watu wawili tofauti, na kila mmoja ana sababu halali ya kungoja mwenzake. Ofisi ya taifa ya mipango miji na makazi, OBUHA, inaweza kuweka masharti kwa majengo mapya, kuhusu vivuli vya madirisha, matundu ya hewa na asili ya matofali, lakini masharti ya ujenzi mpya hayagusi chumba kilichojengwa miaka thelathini iliyopita. Kinachoweza kukigusa ni makubaliano madogo baina ya pande mbili: mpangaji agharimie dari na rangi ya paa, risiti ionekane, na kiasi hicho kikatwe katika kodi kwa miezi itakayokubaliwa, kwa ahadi kwamba hatapandishiwa kodi wala kuondolewa kabla fedha yake haijarudi. Makubaliano ya aina hiyo huvunjika kwa sababu hufanyika kwa mdomo. Zoni ya Bwiza, inayovijua viwanja vyake kimoja kimoja, ndiyo ngazi iliyo karibu zaidi inayoweza kuyaandika na kuyatunza.